Abdurahman as-Sufi, Aliyezihakiki Nyota

Bismillahi Rahmani Rahim.

Miongoni mwa maradhi yaliyotuingia sisi watu wa mwambao ni kuichanganya elimu ya falaki na kazi ya mpiga ramli. Akitajwa mtu kuwa ajua nyota, wengi wetu hufahamu kuwa huyo ni wa kuendewa na aliyeibiwa, au aliyechelewa kupata mume, au atakaye kujua kama safari yake ina kheri au ina shari. Na katika kuikimbia shari hiyo, wako waliokwenda mbali zaidi hata wakaikimbia na elimu yenyewe, wakadhani kuwa kuzitazama nyota na kuzipima ni jambo la wageni lisilotuhusu. Makundi yote mawili yamepotea njia. Nasi hatukuona jawabu lililo bora kuliko kuwasimulia ndugu zetu wasomaji maisha ya mmoja katika wazee wetu wa elimu, ambaye wataalamu wa leo wazipimao nyota kwa darubini kubwa kubwa wangali wakikifungua kitabu chake.

Mtu huyo ni Abul-Husein Abdurahman bin Umar as-Sufi. Alizaliwa katika mji wa Rayy, ambao magofu yake yako karibu na Teherani ya leo, mwaka 291 wa Hijra, ambao ni mwaka 903 wa Miladi. Zama hizo dola ya Bani Abbasi ilikuwa imekwisha kudhoofika, na kila upande ulikuwa na mtawala wake. Lakini elimu haikudhoofika pamoja na dola. Vitabu vya Wayunani vilikuwa vimekwisha kufasiriwa kwa Kiarabu huko Baghdadi, na kila mtawala alipenda baraza yake iwe na wanazuoni kuliko baraza ya jirani yake.

Katika vitabu hivyo vilivyofasiriwa, kilichotukuzwa sana katika falaki ni kile kiitwacho al-Majisti, kilichotungwa na Batlamius wa Iskandaria katika karne ya pili ya Miladi. Ndani yake mna orodha ya nyota zaidi ya elfu moja, zimegawanywa katika makundi 48, na kila nyota imetajwa mahali pake na kadiri ya mwangaza wake. Nyota zing'aazo sana ziliitwa za kadiri ya kwanza, na zile ambazo jicho huziona kwa shida ziliitwa za kadiri ya sita. Kando ya elimu hiyo ya Wayunani, Waarabu nao walikuwa na elimu yao ya jangwani: majina ya nyota, manazili ya mwezi, na nyakati za mvua. Njia hizi mbili zilikuwa zimekaa mbalimbali. Aliyesoma ya Wayunani hakujua nyota fulani yaitwaje na Mabedui, na aliyehifadhi mashairi ya Mabedui hakujua nyota hiyo imeandikwa wapi katika orodha.

As-Sufi alipokua akaona ila iliyo kubwa kuliko hiyo. Aliwakuta watu waliojulikana kwa elimu ya nyota, wenye kutunga vitabu na kuchora tufe za mbingu, ilhali wengi wao hawakuwa wakitazama juu. Walikuwa wakinakili walioandika kabla yao, na wa kabla yao walikuwa wamenakili vile vile. Kosa la mwandishi mmoja likapita kwa wa pili na wa tatu mpaka likawa ni elimu. Mtu akizijua nyota kutoka kitabuni peke yake, akitolewa nje usiku na kuulizwa ile ni ipi, hushindwa kujibu.

Mwaka 335 wa Hijra alisafiri mpaka mji wa Dinawari pamoja na waziri Ibn al-Amid. Huko akafikia katika nyumba iliyokuwa ya Abu Hanifa ad-Dinawari; naye si yule Imamu wa madhehebu, bali ni mwanachuoni aliyekufa miaka mingi baadaye, mwenye kitabu mashuhuri cha mimea na kitabu kingine juu ya nyota za Waarabu. Watu wa mji walimwonyesha dari ambayo Abu Hanifa huyo alikuwa akipanda na kuzitazama nyota kwa miaka mingi. As-Sufi alikiri kwamba hakuna aliyekusanya maneno ya Waarabu juu ya nyota kama alivyokusanya mtu huyu. Hata hivyo alipokichungua kitabu chake aliona kuwa mwenyewe alitegemea zaidi masimulizi kuliko macho yake, naye akalisema hilo wazi pamoja na kumheshimu. Hii ndiyo adabu ya wanazuoni wa zamani: heshima ya mkubwa haikuwazuia kuhakiki maneno yake, na kuhakiki maneno yake hakukuwafanya wamvunjie heshima.

Baadaye as-Sufi aliingia katika baraza ya Adhud ad-Dawla wa ukoo wa Buwaihi, aliyetawala Fursi tangu mwaka 949 na mwisho akaitawala na Baghdadi mpaka alipokufa mwaka 983. Mtawala huyu alikuwa kijana mdogo as-Sufi alipokuwa mtu mzima, akajifunza kwake elimu ya nyota, na hata baada ya kuwa mfalme alijifakhiri kwa kuwataja waalimu wake: wa nahau ni Abu Ali al-Farisi, na wa nyota ni as-Sufi. Tumeyataja haya ili ijulikane kuwa elimu haisimami kwa akili ya mwanachuoni peke yake. Yataka na mwenye mali wa kuisaidia, na mwenye cheo asiyeona haya kukaa mkekani mbele ya mwalimu.

Kwa mtawala huyo ndipo as-Sufi alipotunga, kwenye mwaka 964, kitabu kiitwacho Suwar al-Kawakib, yaani sura za nyota. Alizifuata zile sura 48 za Batlamius, lakini aliipitia kila nyota kwa jicho lake usiku baada ya usiku. Akaeleza Batlamius aliiweka nyota hii katika kadiri gani, kisha akaeleza yeye mwenyewe ameionaje. Alipoona kuwa nyota imezidi kidogo kadiri yake au imepungua kidogo, hakuilazimisha iwe sawa na nyingine, bali aliandika kuwa ni kubwa ya kadiri ile au ni ndogo yake. Akataja na rangi za baadhi ya nyota. Akayaunganisha majina ya Mabedui na nyota za Wayunani, moja moja. Kisha kila sura akaichora mara mbili: mara moja kama aionavyo aliyesimama chini akatazama mbinguni, na mara ya pili kama ionekanavyo juu ya tufe, ili msomaji asichanganye kulia na kushoto.

Uadilifu wataka tuseme pia alilolifanya na alilolicha. Mahali pa nyota, yaani digrii zake katika mbingu, hakupapima upya papo hapo kwa kila moja. Alizichukua digrii za Batlamius akaziongeza digrii 12 na dakika 42, kwa kuwa nyota zote huonekana zikisogea polepole kadiri karne zipitavyo. Batlamius alikuwa amesema zasogea digrii moja kwa miaka 100. Wataalamu wa zama za Waislamu walipima wakaona ni digrii moja kwa miaka 66. Na kipimo cha leo ni karibu miaka 72. Wote watatu walikuwa katika safari moja, na kila mmoja alimsogeza aliyemfuata.

Katika maelezo ya sura ya Mwanamke Aliyefungwa Minyororo, ambayo wataalamu wa leo huiita Andromeda, as-Sufi alitaja doa dogo la wingu karibu na mdomo wa samaki ambaye Waarabu walimchora mahali hapo. Hayo ndiyo maandishi ya kale kuliko yote tuliyobakiwa nayo juu ya doa hilo. Ilipita zaidi ya miaka 900 ndipo ilipojulikana ni nini: mwaka 1923 Edwin Hubble, Mmarekani, aliona ndani yake nyota moja ambayo mwangaza wake hupanda na kushuka kwa muda maalumu, na kwa nyota hiyo akapima umbali. Wingu lile likadhihirika kuwa ni jamii kubwa ya nyota nje kabisa ya jamii hii yetu, na nuru yake hutembea miaka kama 2,500,000 kabla ya kufika katika macho yetu. Basi nuru aliyoiona as-Sufi ilikuwa imeondoka huko kabla ya kuwako mji wowote duniani.

Alitaja pia khabari ya nyota nyeupe chini ya Suheli, ambazo watu wa Tihama waliziita Ng'ombe, nazo hazionekani Iraki wala Najdi. Kwa kuwa hakuziona yeye mwenyewe, wala Batlamius hakuzitaja, aliinakili khabari hiyo bila ya kuisadikisha wala kuikanusha. Baadhi ya wataalamu wa leo wasema kuwa huenda likawa ni lile wingu kubwa la kusini ambalo Wazungu waliliita kwa jina la Magellan. Sisi twavutiwa zaidi na ile hadhari yake. Mtu aliyekuwa imamu wa fani yake hakuona tabu kuiacha khabari mahali pake.

Huko Shirazi as-Sufi alipima pia mwinamo wa njia ya jua kwa pete kubwa ya shaba iliyotengenezwa kwa jina la mtawala wake, na al-Biruni amekitaja kipimo hicho katika vitabu vyake. Alitengeneza tufe ya mbingu kwa fedha, iliyoonekana bado katika maktaba ya Kairo miaka zaidi ya 50 baada ya kufa kwake. Alitunga na kitabu juu ya matumizi ya asturlabu. Akafariki mwaka 376 wa Hijra, ambao ni 986 wa Miladi, naye ana umri wa miaka 85 kwa hisabu ya mwezi.

Kitabu chake hakikufa. Ulugh Beg, mtawala wa Samarkandi aliyetoa orodha yake ya nyota mwaka 1437, alikitumia. Mdenmarki Schjellerup alikifasiri kwa Kifaransa mwaka 1874, na mwaka 1954 kilichapishwa kwa Kiarabu huko Hyderabad, Bara Hindi. Shimo moja katika uso wa mwezi limepewa jina lake.

Huenda msomaji akauliza: orodha ya kadiri na rangi ina faida gani kwa wataalamu wa leo? Jawabu ni kwamba mwangaza na rangi ndiyo milango miwili ambayo kwayo mwanadamu ameingia kuzijua tabia za nyota. Hatuwezi kuigusa nyota wala kuipima kwa mizani; kinachotufikia ni nuru yake tu.

Tuchukue mathalan Shiira, iliyotajwa kwa jina katika Qur'ani, na Suheli, ambayo mabaharia wetu waliufanya upande wa kusini uitwe kwa jina lake. Hizo ndizo nyota mbili zing'aazo kuliko zote usiku, Shiira ikiwa mbele. Lakini nuru ya Shiira hutufikia kwa miaka kasoro tisa, na ya Suheli kwa miaka kama 300. Umbali ulipojulikana, ikadhihirika kuwa Shiira ni kandili iliyo karibu na Suheli ni mnara wa taa ulio mbali: Shiira ina nguvu kama ya jua letu mara 25 hivi, na Suheli maelfu ya mara. Elimu hii ya kupima umbali wa nyota ilianza kufaulu mwaka 1838, Mjerumani Bessel alipoitazama nyota moja kutoka pande mbili za njia ya ardhi kulizunguka jua, akaona imesogea kidogo sana.

Na rangi ni khabari ya joto. Mfua chuma ajua kuwa chuma chekundu kina joto dogo kuliko chuma kilichogeuka cheupe. Nyota nyekundu iliyo begani mwa Jabbari ina joto la digrii kama 3,300 usoni mwake. Jua letu lina digrii 5,500. Na nyota ya buluu iliyo mguuni mwa Jabbari huyo yakaribia 12,000. Kisha nuru ikipitishwa katika kioo cha pembe tatu hupasuka rangi rangi, na katikati yake mna mistari ambayo kila kitu cha asili kina yake, kama alama ya kidole. Kwa njia hiyo Cecilia Payne, mwanamke wa Kiingereza, alionyesha mwaka 1925 kwamba nyota sehemu yake kubwa ni haidrojeni na heliamu.

Lakini vipi ajulikane uzee wa nyota na ujana wake, na maisha ya nyota ni mamilioni na maelfu ya mamilioni ya miaka? Mgeni asiyewahi kuuona mnazi, akisimama chini yake saa moja tu, hataona nazi hata moja ikikua. Lakini ataona katika mti huo huo vidaka, na vitale, na madafu, na makoroma, na nazi zilizokauka; akiwa na akili ataelewa kuwa hivyo si vitu vitano bali ni kitu kimoja katika umri mbalimbali. Hivyo ndivyo walivyofanya wataalamu. Walizipanga nyota nyingi kwa nguvu na kwa joto, wakaona hazikutawanyika ovyo bali zimejipanga kwa safu. Wakafahamu kuwa nyota huanza katika mawingu ya hewa na vumbi, huishi umri wake mwingi kwa kuigeuza haidrojeni kuwa heliamu, kisha hufura na kuwa nyekundu. Iliyo kubwa sana humaliza haraka na hupasuka. Iliyo mfano wa jua letu, ambalo umri wake ni kama miaka milioni 4,600, mwisho hubakia kiini kidogo cheupe. Shiira ina mwenzake wa namna hiyo, aliyeonekana mara ya kwanza mwaka 1862: ukubwa wake ni kama ardhi, na uzito wake ni kama jua.

Hapo ndipo maandishi ya kale yanapopata thamani, kwa sababu mara moja moja nyota hubadilika ndani ya muda ambao wanadamu waliuandika. Mwaka 2022 wataalamu wa Jena, Ujerumani, walilinganisha maandishi ya kale na nyota ya begani mwa Jabbari. Wakaona kuwa miaka 2,000 iliyopita Mchina mmoja na Mrumi mmoja, kila mmoja kwa njia yake, waliieleza kuwa na rangi iliyoelekea njano. Na kufikia karne ya 16 ilikuwa imekwisha kuwa nyekundu kama tuionavyo. Mwaka 1006 naye Ali bin Ridhwan, aliyekuwa kijana huko Misri, aliona nyota mpya kubwa kuliko Zuhura, akaandika siku yake na mahali pake. Leo twajua kuwa ilikuwa ni nyota iliyopasuka, na mabaki yake yangaliko. Lau watu hawa wangeandika waliyoyasikia badala ya waliyoyaona, tungepata nini kwao?

Wala asidhani mtu kuwa khabari hizi zote ni za Shirazi na Ulaya. Tarehe 12 Disemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, chombo kilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililokuwa baharini karibu na Malindi, mahali ambapo Waitalia walirushia vyombo vyao tangu 1967 hadi 1988. Kikapewa jina la Uhuru. Kilikuwa chombo cha kwanza kupelekwa kuizunguka ardhi kwa ajili ya kutafuta mionzi ya eksirei itokayo mbinguni tu, nacho kilitoa orodha ya mahali 339. Mahali pamoja pako katika sura ambayo as-Sufi aliichora na kuiita Kuku. Chombo kiliona mionzi ya hapo ikipepesuka kwa kasi ya ajabu, na hilo likasaidia kutambulisha kuwa hapo pana nyota iliyokufa na kujikunja mpaka nuru yenyewe haiwezi kutoka ndani yake, nayo yamnyonya mwenzake aliye hai. Orodha ya as-Sufi ilianza kwa jicho na kalamu. Orodha ya Uhuru ilianzia katika bahari ya wavuvi wetu. Ni watoto wangapi wa Malindi na Ngomeni wanaofundishwa jambo hili?

Sisi wa mijini taa zimetunyima mbingu. Lakini wako ndugu zetu wendao Oldonyiro, katika Kaunti ya Isiolo upande wa Samburu na Laikipia, kwa biashara ya mbuzi na ng'ombe. Mahali hapo hakuna mji mkubwa wa kuififiza nuru ya usiku, na pako kasoro ya digrii moja tu kaskazini ya mstari wa ikweta. Anayelala huko, usiku ukiwa hauna mawingu wala mwezi, huweza katika mwaka mmoja kuziona karibu nyota zote za mbingu, za kaskazini na za kusini. Suheli ambayo as-Sufi aliiona Shirazi imeinuka digrii chache tu, huko hupanda juu sana. Na chini yake laonekana wazi lile wingu la kusini ambalo yeye pengine alilisikia tu kwa khabari za watu wa Tihama. Waborana wa nchi hiyo wana hisabu yao ya kale ya miezi inayofuata kukutana kwa mwezi na nyota kadha, ikiwamo Kilimia. Basi mfanyabiashara anaweza kulala hapo miaka 20 na asijue ila bei ya mbuzi, na mwingine akalala usiku mmoja akaona ambalo imamu wa fani hakujaaliwa kuliona.

Tunawausia wazazi: mtoto akiuliza khabari ya nyota asikatazwe wala asitishwe, bali apelekwe kwa mwalimu wa hisabu na fizikia, na afundishwe pamoja na hayo kuwa nyota ni viumbe, hazigawi riziki wala hazizuii ajali. Na tunawausia vijana wasomao: msiridhike kuhifadhi yaliyoandikwa. Panda darini, tazama, kisha andika uliloliona, na usiloliona uliache mahali pake. Mwenye kupeleka fedha zake kwa mpiga ramli amenunua maneno ya mtu ambaye pengine hata Shiira hawezi kuionyesha kwa kidole.

Mwenyezi Mungu amrehemu Abdurahman as-Sufi, na atujaalie sisi na watoto wetu elimu yenye manufaa. Amin.